Jiwe moja, umri mara mbili: maabara ipi imekosea?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tunasoma jiolojia, kwetu ni Lushoto. Granulaiti yetu ya Usambara, mwamba uliopikwa kwa joto kali chini ya ardhi, imepimwa mara mbili kwa madini yaliyomo ndani yake: zirkoni imetoa miaka milioni 640, mika nyeusi milioni 500. Jamaa mmoja Tanga mjini anasema atatupimia kwa kaboni 14 tupate "umri kamili". Tushike lipi?

JIBU: Marahaba. Hakuna maabara iliyokosea. Kosa ni kuuliza umri wa jiwe kana kwamba lina cheti cha kuzaliwa. Zirkoni huishikilia risasi, ile metali inayotokana na urani, hata joto lipite nyuzi 900 za Selsiasi. Mika haina ubavu huo. Agoni yake, gesi inayotokana na potasiamu, huvuja kama mvuke wa sufuria mpaka jiwe lipoe kufikia nyuzi 300 hivi. Milioni 640 ni pale miamba ya Ukanda wa Msumbiji, ule mkanda wa miamba ya kale ya Afrika Mashariki, ilipopikwa huko chini. Milioni 500 ni mika ilipoacha kuvuja. Je, lilipoa polepole au lilipashwa moto tena? Hapo ndipo penye kazi yenu. Pimeni na hombulendi, madini mengine meusi, ambayo huacha kuvuja kwenye nyuzi kama 500.

Ila hata hiyo 640, ulizeni imetoka sehemu gani ya punje. Zirkoni, ndogo kama chembe ya mchanga wa Sahare, ukiipiga picha kwa miale ya elektroni unaona kiini chenye mistari, kilichobaki cha mwamba wa awali, na gamba lililoota juu yake wakati wa kupikwa. Watu wanayeyusha punje nzima! Kiini na gamba vinachanganyika, wanapata namba ya katikati, nzuri kweli kweli, ya siku ambayo halikutokea lolote.

Huyo wa kaboni 14 msimpe hata nauli. Nusu ya kaboni hiyo huisha kila miaka 5,730; ikifika 50,000 hivi hakuna cha maana kilichobaki kupimwa. Tena ni ya vitu vilivyowahi kuwa hai: mkaa, mifupa, makombe. Granulaiti haikuwahi kupumua.

Haupiti mwezi sijaletewa karatasi za namna hii. Majuzi dalali wa vito vya Umba kanionyesha cheti chenye muhuri: yakuti, "miaka bilioni 2". Nikakigeuza cheti huku na huku: hakuna njia ya kupimia, hakuna ile "kujumlisha au kutoa" inayoonyesha namba inaweza kukosea kwa kiasi gani. Yakuti kwa kawaida haina urani ya kutosha. Hutafutwa zirkoni iliyonaswa ndani yake. Nikamuuliza, walipima nini hasa?

"Waliimulika tu na tochi, mzee."