Barua kwa binti yangu: Samhain ni nini?

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako kwa makini. Unasema kwamba wenzako wa kazini huko County Meath, Ireland, wamekualika kwenye moto wa Samhain jioni ya tarehe 31 Oktoba, ilhali kikundi chenu cha sala kimekuonya kuwa huo ni usiku wa kuabudu mashetani. Kwa kuwa nilifundisha historia, umeniuliza Samhain ni nini hasa, na kama mtu anayesali anaweza kuhudhuria.

Naomba uanzie kwa ng'ombe kabla ya kufika kwa mizimu. Katika Ireland ya kale mwaka uligawanywa kwa sikukuu nne, mwanzoni mwa Februari, Mei, Agosti na Novemba, lakini kwa mfugaji zilizoubeba mwaka mzima zilikuwa mbili: Bealtaine ya Mei na Samhain ya Novemba. Mwezi Mei vijana, hasa wasichana, walipandisha mifugo kwenye malisho ya milimani, wakaishi huko vibandani wakikamua maziwa na kutengeneza siagi. Majani ya miti yalipopukutika na nyasi zikakoma kuota, waliiteremsha tena. Hapo ndipo mwenye mji alipolazimika kuamua ni ng'ombe wangapi wangeweza kuvuka baridi kwa malisho yaliyobaki bondeni, na waliozidi wakachinjwa, nyama yao ikatiwa chumvi. Ndiyo maana karamu ya Samhain ilikuwa ya shibe na ya hofu kwa pamoja: watu walikula vizuri kuliko wakati wowote, huku wakijua kwamba si wote waliokaa kwenye karamu ile, hasa wazee na watoto wachanga, wangeiona Mei. Wewe mwenyewe umekwisha kuona jinsi jua la huko linavyozama karibu saa kumi na moja jioni mwanzoni mwa Novemba, na ifikapo Desemba huzama punde tu baada ya saa kumi.

Sikukuu huanza jioni kwa sababu Wakelti, watu wa kale wa huko, walihesabu siku kuanzia machweo, kama wazee wetu wa pwani wanaosema usiku wa Ijumaa wakimaanisha Alhamisi baada ya magharibi. Usiku huo haukuwa wa kiangazi wala wa baridi, na iliaminika kwamba vilima vya kale hufunguka na wakazi wake, aos sí, hutoka. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, Aillén, alikuja Tara, makao ya wafalme wa Ireland, kila Samhain, akawalaza walinzi kwa muziki wake, kisha akaiteketeza ngome, mpaka kijana Fionn mac Cumhaill alipokiegemeza kipaji chake cha uso kwenye mkuki wenye sumu asisinzie, akamuua. Waambie wenzako wa sala kwamba masimulizi ya namna hii yametufikia kwa kalamu za watawa Wakristo. Aos sí si mashetani wa Biblia. Waliogopwa kama anavyoogopwa jirani mwenye nguvu, ambaye ni busara kutomuudhi. Ndipo watu wakawaachia chakula nje, wakavaa vinyago, na baadaye wakachonga nyuso za kutisha kwenye tanipu, mboga ya mzizi.

Wengi husema Kanisa liliiweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba ili kuifunika Samhain. Mimi sishawishiki, kwa sababu kalenda ya Ireland yenyewe ya karne ya 9 iliwakumbuka watakatifu wa Ulaya tarehe 20 Aprili. Hata hivyo mambo hayo mawili yalikutana na kukaa pamoja: familia za Kikatoliki ziliwasha mishumaa kwa ajili ya marehemu wao, zikala barmbrack, mkate wa zabibu kavu unaofichwa pete ndani yake, atakayeipata akitabiriwa ndoa. Wahamiaji walioikimbia njaa kuu ya 1845 hadi 1852 walizidi kuzieneza desturi hizi Marekani, na huko maboga yakachukua nafasi ya tanipu. Biashara ya vinyago vya damu unayoiona madukani ni ya juzi tu, nami sioni sababu ya kuihukumu Samhain kwa hiyo.

Moto mnaokwenda kuuona, kama ni ule wa kilima cha Tlachtga karibu na Athboy, una jina kubwa. Padri na mwanahistoria Geoffrey Keating aliandika katika karne ya 17 kwamba mioto yote ya Ireland ilizimwa usiku huo na kuwashwa upya kutoka hapo. Katika umati wa leo wamo wanaofuata dini ya kale iliyofufuliwa, na hao huomba kwa dhati; wape heshima kama unavyotaka wakupe kanisani, usirudie maneno usiyoyaamini, wala usicheke. Wengine wengi huja kwa sababu ni kilima chao.

Nenda, mwanangu. Vaa viatu vya matope na koti zito. Asubuhi yake nenda Misa ya Watakatifu Wote, na usisahau kuandika jina la babu yako kwenye orodha ya marehemu ambayo parokia za huko huiweka altareni mwezi mzima wa Novemba.

Akupendaye,
Mama yako