Mashine ya kujazia asali: kabla hujatoa dola zako

Ndugu wa Goma, umeuliza kama dola 1,200 zinatosha kununua mashine ya umeme ya kujazia asali kwenye chupa, nawe una mizinga 40. Zinatosha. Ila mimi niliyeinunua hapa Bukavu, leo najazia kwa robine, yaani koki iliyo chini ya tangi, naifungua na kuifunga kwa mkono.

Piga hesabu kwanza. Tuseme kila mzinga ukupe kilo 10. Hizo ni kilo 400, yaani chupa 800 za nusu kilo. Mimi na mama watoto, mmoja akishika robine na mwingine vifuniko, tunatoa chupa mia kwa saa. Kazi yako ya msimu mzima ni ya siku moja. Sasa mashine ifanye kazi siku moja, halafu ilale miezi imefunikwa kitenge?

Yangu ilikuwa ya pampu ya gia: unatumbukiza mpira wa kunyonyea kwenye ndoo ya asali, unaweka kipimo, unakanyaga pedali. Wiki ya kwanza niliita majirani waje kuona. Kisha ikaingia Julai. Baridi ya asubuhi ya huku unaijua, na asali yetu ya mikaratusi ilikuwa imeanza kuganda, nzito kama bugali wa jana. Pampu ikavuta, ikalia, ikavuta tena, huku umeme ukipanda na kushuka. Nikasikia harufu ya waya unaoungua. Aliyeniuzia akasema kosa ni la asali.

Tena, mashine hizi hupima ujazo, si uzito. Asali yenye mapovu inafika shingoni mwa chupa, ukiiweka kwenye mizani nusu kilo haitimii. Mteja mmoja alipima mbele yangu: gramu 470. Nilitamani ardhi inimeze. Tangu siku hiyo asali inatulia kwenye tangi siku mbili, povu likipanda nalikwangua, na kila chupa inajaziwa ikiwa juu ya mizani.

Kwa hiyo nunua tangi la inoksi, chuma kisichoshika kutu. La lita 50 linabeba kama kilo 70. Fundi wa kuchomea atakusukumia bati la zinki kwa kuwa ni rahisi. Kataa, asali ina asidi, inakula zinki. Kwenye robine ndipo usibanie pesa. Ya maji ya bomba ina tundu jembamba, na ile yenye tufe ndani inaficha asali mahali brashi haifiki. Tafuta ya kisu, inayofunga kwa kushuka, mdomo wa milimita 40 hivi. Ikikata vizuri, uzi wa asali unakatika palepale. Ikikata vibaya, tone linaangukia meno ya chupa, kifuniko kinanata, na kesho yake sisimizi wamekutangulia dukani.

Asali ikiwa nzito, usiweke tangi juu ya moto. Liingize ndani ya pipa la maji ya vuguvugu, makaa machache chini, na kipimajoto kisipite nyuzi 40.

Pesa itakayobaki inunue refraktometa, kifaa cha kupima maji yaliyomo ndani ya asali. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 itachacha tu, hata ijazwe na mashine ya dhahabu. Halafu chupa za kioo zenye mdomo mpana. Najua wengi bado tunauza katika chupa ya bia ya Primus ya sentilita 72, na kwa kweli ni kipimo kizuri, inaingia kilo moja. Lakini asali ikigandia humo, mteja atapitisha wapi kijiko?

Ukifika tani mbili kwa mwaka tutazungumza habari ya mashine, na hata hapo ningechukua ya pistoni ya mkono, isiyongoja umeme urudi. Yangu bado iko chini ya kitanda, mwili mzima, mota imekufa. Ukiitaka kwa vipuri nakupa bure, nauli ya boti utalipa wewe.