Kabla hujachimba kisima Lamu, angalia paa lako kwanza

Mtu akinunua ploti huku kwetu Lamu swali lake la kwanza huwa fundi wa kisima ni nani na atashuka mita ngapi. Naomba tuongee hapo hapo kabla pesa haijatoka, manake mambo ya bandari na mikoko na plastiki yanasemwa kila siku, na ni sawa yasemwe, lakini hili la maji ya chini ya nyumba zetu linakwenda kimya kimya na ndilo linaloninyima usingizi.

Hapa kisiwani hatuna mto wala ziwa. Maji matamu tunayokunywa mjini na Shela ni mvua iliyonyeshea yale matuta ya mchanga ya Shela, mchanga ukainywa ikashuka, na huko chini imekaa juu ya maji ya bahari, inaelea kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Wataalamu wa maji wana hesabu yao ya zamani, kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari kuna kama mita 40 zimeshuka chini yake. Sasa igeuze hio hesabu. Ukivuta kwa pampu ukashusha maji mita 1, ile chumvi ya chini haipandi mita moja, inapanda mara nyingi zaidi kuja kukulaki. Ndio maana bara mtu akichimba zaidi huenda akabahatika, lakini hapa ukichimba zaidi unaifuata chumvi kwao.

Mtaani kwetu kuna kisima cha kuteka kwa ndoo, jiwe la mdomoni limelika mistari ya kamba za miaka na miaka. Sehemu ya juu kidogo ikafungwa pampu ya stima, inavuta tangu alfajiri mpaka usiku kujaza matangi ya wageni, na kisima chetu kikaanza kubadilika, kwanza sabuni ikawa haitoi povu, alafu maharagwe yakawa hayaivi hata umalize makaa, alafu sufuria zikawa zinaacha ukoko mweupe. Bibi mmoja wa hapo akaniambia, "Mwanangu, maji haya hata nikitilia udhu uso unakaza." Na haihitaji chumvi nyingi, bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita, na maji yakifika gramu 1 kwa lita ulimi unaanza kuyakataa, kwa hio sehemu 3 tu za bahari kwenye 100 zinatosha kukuharibia kisima.

Kama kisima unacho tayari, tafuta kile kimita kidogo cha kupimia chumvi, kinatiwa ndani ya gilasi ya maji kinaandika namba, shika daftari moja na uwe unapima wakati wa bamvua, bahari ikijaa na kutoka sana, na wakati wa maji mafu, ikisogea kidogo tu, na zaidi mwisho wa kaskazi kabla masika hayajaanza, hapo ndipo kisima kinasema ukweli. Namba ikianza kupanda punguza kuvuta, vuta kidogo asubuhi na kidogo jioni badala ya kumaliza kwa mkupuo mmoja. Usikishushe zaidi tafadhali. Na choo kiwe mbali, mchanga wetu unapitisha kila kitu.

Lakini ninachokutaka hasa ni paa. Hesabu yake rahisi, milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Lamu tunapata kama milimita 900 kwa mwaka, paa la mita za mraba 50 ni lita 45,000, toa zinazomwagika na zinazokauka sema zibaki 35,000. Familia ya watu watano ikitumia lita 50 kwa siku za kunywa na kupika tu, tanki la lita 10,000 likijaa masika linawapeleka siku 200. Kisima kibaki cha kufulia na kuoshea, na hapo kitapumua. Mabati ni mazuri, dari ya chokaa, yaani lile paa bapa la nyumba za mawe, pia ikiwa safi, makuti yanatoa maji ya rangi ya chai hayo tia kwenye mimea. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache imwagike yote, imebeba vumbi na mavi ya kunguru.

Na funika tanki, hili nalisema kwa uzito. Mwaka 2004 chikungunya ilipolipuka hapa Lamu watu walilala na maumivu ya viungo mtaa mzima, ilikuwa wakati wa ukame, na waliochunguza walitaja maji yaliyowekwa majumbani muda mrefu bila kubadilishwa, mbu wakazalia humo. Wavu mzito kwenye kila tundu, hata lile dogo la kutokea maji yakizidi.

Wala si mambo mageni haya. Wenzetu wa Pate na Ndau na Kiunga wameishi na jabia miaka yote, sakafu kubwa ya kutegea mvua imeinamishwa kidogo, maji yanateremka mpaka kwenye birika lililojengwa chini na kufunikwa. Na wa Takwa kule kisiwa cha Manda walihama mji mzima karne ya 17, sababu inayotajwa sana ni visima kuingia chumvi, wakavuka wakaja Shela, kwenye haya haya matuta tunayoyachezea leo. Sisi tukiyaharibu tunavuka kwenda wapi?

Kwa sababu mambo yenyewe yanabana kila upande. Bahari inapanda, mvua haiaminiki tena, kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022 misimu mitano mfululizo ilifeli sehemu nyingi za Kenya na Lamu tuliionja, na tangu bandari ya Kililana ifunguliwe 2021 watu wanaongezeka na kila mmoja anataka maji. Matuta ya Shela yakijengwa juu au mchanga wake ukichotwa, mvua haina tena mahali pa kunywewa. Mimi naona bwawa la kuogelea juu ya matuta yale ni dhulma, sitafuti neno laini. Kwa hio tangazo la ujenzi likibandikwa usilipite, lisome, nenda kwenye kikao uulize maji yatatoka wapi, lita ngapi kwa siku, na maji machafu yatakwenda wapi, na majibu yaandikwe.

Kama pesa ni kidogo anza na gata upande mmoja tu wa paa na pipa moja lenye kifuniko, fundi wa mabati yeyote mjini anaweza, ila mwambie mapema, masika yakishaingia hawapatikani.