Maswali ya Wasomaji: Passau, Mji wa Mito Mitatu

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepata nafasi ya masomo katika Chuo Kikuu cha Passau, kusini-mashariki mwa Ujerumani. Nimesikia kwamba mito mitatu hukutana hapo, kila mmoja na rangi yake, na kwamba mji huo hukumbwa na mafuriko. Je, ni kweli, na ni mji wa namna gani?

JIBU: Ndugu msomaji, hongera kwa nafasi hiyo. Yote mawili ni kweli, tena yanatokana na jambo moja. Passau ni mji wa jimbo la Bavaria wenye wakazi zaidi ya 50,000, ulio mpakani na Austria. Sehemu yake ya kale imejengwa juu ya ulimi mwembamba wa ardhi kati ya mto Danube na mto Inn, na mto Ilz, ulio mdogo kuliko yote, huingia kutoka kaskazini.

Ukisimama kwenye ncha ya ulimi huo utaziona rangi bila kuonyeshwa na mtu. Inn hutoka milima ya Alps ukiwa na maji ya theluji na unga laini wa miamba, kwa hiyo huwa wa kijani kilichofifia. Danube, ambao watu hupenda kuuita wa buluu, huelekea zaidi kahawia, na Ilz, uliopita katika ardhi ya mboji ya Msitu wa Bavaria, ni mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Maji hayo hutiririka sambamba kwa masafa fulani kabla ya kuchanganyika. Kwa wastani wa mwaka, Inn huleta maji mengi kidogo kuliko Danube, lakini mto unaoendelea mbele huitwa Danube. Mtu wa Inn angekuwa na haki ya kulalamika.

Mito hiyo ndiyo iliyoutajirisha mji. Warumi walijenga ngome hapo, na jina la mji limetokana na askari wao wa kabila la Batavi. Baadaye walitawala maaskofu, hadi mwaka 1803, na utajiri wao ulitegemea sana chumvi, ambayo ililetwa kwa mashua kupitia Inn, ikapakuliwa Passau, kisha ikabebwa na wanyama wa mizigo kupitia msituni hadi Bohemia, katika Jamhuri ya Cheki ya leo. Mwaka 1662 moto uliuteketeza mji, na mafundi kutoka Italia wakashiriki kuujenga upya, ndiyo maana mitaa yake ina sura ya kusini. Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano kuna kinanda chenye filimbi karibu 18,000, mojawapo ya vinanda vikubwa zaidi duniani. Usiondoke Passau bila kukisikia.

Sasa mafuriko. Danube na Inn zikifurika kwa wakati mmoja, maji hukosa pa kwenda, na hata Ilz husukumwa kurudi nyuma. Kwenye ukuta wa mnara wa Jumba la Manispaa, karibu na Danube, kuna alama za vimo vya maji pamoja na miaka yake, na ile ya Juni 2013 iko juu sana ya kichwa cha mtu mzima. Mwaka huo kipimo cha Danube kilifika mita 12.89, kimo kisichoonekana tangu mwaka 1501. Maji yalipopungua, wanafunzi walijitokeza kwa wingi na majembe na ndoo kuondoa tope katika nyumba na maduka ya watu wasiowajua.

Chuo chenyewe kilifunguliwa mwaka 1978, nacho kiko ukingoni mwa Inn, mahali pazuri sana siku za jua. Kwa kuwa wanafunzi ni zaidi ya 10,000 katika mji wa ukubwa huo, anza kutafuta chumba mapema, na ukipata kilicho katika mji wa kale, uliza kwanza kiko ghorofa ya ngapi.