Maiki ya kubana kwenye fidla, gitaa na selo: maswali yenu

Napiga fidla. Nikiongezewa sauti kidogo tu, spika zinapiga mluzi. Ninunue maiki gani?

Kabla ya kuuliza jina la kampuni, uliza maiki inasikia upande gani. Zile zinazosikia pande zote huwa tamu sana kwenye chumba kilichotulia, ila jukwaani zitakunasia ngoma, monita (spika za wanamuziki kujisikia wenyewe) na kikohozi cha jirani. Tafuta ya kadioidi, yaani inayosikia zaidi mbele, au supakadioidi, inayobana zaidi mbele, kama modeli ya DPA 4099, yenye vibano vya fidla, selo, hata gitaa. Lakini supakadioidi ina hila yake: nyuma kabisa bado inasikia kidogo. Uziwi wake uko takriban digrii 126 kutoka mbele, kila upande. Kwa hiyo monita isikae mgongoni mwa maiki, isogezwe pembeni. Halafu kata sauti za chini kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Uzi mnene wa fidla ni hezi 196. Chini ya 150 unachokuza ni nyayo na ngurumo.

Nimechomeka maiki mpya, kimya! Nimeuziwa mbovu?

Huenda ina njaa ya umeme tu. Nyingi za aina hii ni za kondensa, zinataka voliti 48 kutoka kwenye mikisa. Shusha kwanza sauti ya chaneli, ndipo ubonyeze kitufe cha 48V, la sivyo spika zitapiga kishindo. Kwa wanaotumia kirushio kisicho na waya: hicho hutoa voliti chache tu, na plagi kuingia si ushahidi kwamba vimepatana. Nunua adapta ya kirushio hicho hicho.

Gitaa langu linavuma kama pipa, na maiki nimeielekeza kwenye tundu.

Itoe hapo. Hewa ya ndani hutikisika karibu na hezi 100, na maiki ya karibu huizidisha. Ielekeze shingo inapokutana na mwili.

Kibano hakitakwangua vanishi?

Chenye mpira, kikibanwa kiasi, hapana. Ila kivue baada ya onyesho.

Selo katikati ya ngoma na gitaa la umeme: maiki itatosha?

Peke yake, sidhani. Ongeza pikapu, kinasa mtikisiko kinachokaa kwenye daraja la selo. Mimi ningepeleka pikapu kwenye monita, na kwa hadhira sauti ya maiki izidi ya pikapu, maana pikapu tupu hukwaruza masikio. Zikichanganywa na besi ikapotea, geuza fezi ya chaneli moja (mawimbi yake yapinduliwe juu chini) usikilize tena.