Coccinelle inayogonga tak-tak-tak: pima supape kabla hujazikaza

Ndugu wa Likasi, umeuliza kuhusu Coccinelle 1300 ya 1972, ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, uliyoachiwa na marehemu papa yako. Inagonga tak-tak-tak upande wa kushoto, ikiwa baridi na hata ikishapata moto. Fundi mmoja anataka akaze supape, yaani vali za injini, mpaka kelele ikome, mwingine anasema umwage mafuta mazito. Nakuomba usikubali lolote kati ya hayo mawili kwanza. Mimi nilikubali kukaziwa, na supape ya silinda ya 3 ikaungua kabla ya miezi miwili kwisha.

Yangu nayo ni 1300, naiendesha hapa Lubumbashi. Siku fundi aliponirudishia ikiwa kimya kabisa nilifurahi, nikamlipa vizuri. Baada ya wiki chache ralanti, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga gesi, ikaanza kutetemeka. Siku moja naja huko kwenu, kilomita 120 tu, nusu ya njia gari likakosa nguvu, kila mlima mdogo gia ya pili. Tulipofungua kilasi, kile kichwa cha silinda kinachobeba supape, ukingo wa supape ya kutolea moshi ulikuwa umeliwa kama mkate uliong'atwa.

Sababu yake ni hii. Injini hii haina supape zinazojirekebisha zenyewe kwa presha ya mafuta. Kati ya kilibiteri, kile kinyundo kinachosukuma supape, na mkia wa supape lazima pabaki nafasi ya milimita 0.15, injini ikiwa baridi, kwa supape zote nane. Supape ya kutolea moshi inaishi ndani ya moto, na joto lake inalipunguza hasa wakati imekaa barabara kwenye kiti chake. Ukiimaliza ile nafasi, haikai tena sawasawa. Moshi wa moto unapenya pembeni na kuukata ukingo, na wakati huo wote husikii kitu. Kwa hiyo mlio mdogo kama wa cherehani ni afya. Mimi nikisikia Coccinelle iliyo kimya kabisa naogopa zaidi kuliko ile inayogonga.

Lakini tak-tak yako inaonekana ni kubwa kuliko hiyo, basi tuitafute. Anza kwa kuhakikisha kweli ni supape. Injini ikiwa ralanti, vua waya wa bugi (plagi) moja, rudisha, vua wa pili, mpaka zote nne. Kelele ikibadilika sana kwenye silinda moja, huenda ni kitu cha chini, biela (mkono wa pistoni) au kusineti (beringi) zake, na hapo uzime gari. Ya supape kwa kawaida haijali. Kisha chukua bisibisi ndefu, mpini sikioni, ncha kwenye kifuniko cha supape. Kuna udanganyifu mmoja uliotupotezea siku mbili nzima: gasketi ya bomba la moshi ikivuja pale bomba linapoungana na kilasi, inatoa tak-tak ileile. Tazama kama kuna masizi meusi pale kwenye maungio, na kati ya silinda na kilasi pia. Ukiyaona, huenda supape zako hazina kosa.

Sasa kupima. Lazima injini iwe imelala usiku kucha. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya huku ikiwa kali, ndizo ninazozipenda kwa kazi hii. Kwenye injini hii silinda na kilasi vinatanuka zaidi kuliko zile fimbo zinazosukuma vilibiteri, kwa hiyo nafasi inaongezeka injini ikipata moto. Anayerekebisha ikiwa moto anaweka 0.15 ambayo kesho asubuhi itakuwa pungufu. Ukitoka kuliendesha sasa hivi, subiri kesho, hata kama fundi ana haraka.

Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua nyuma, weka mihimili imara, usitegemee jeki peke yake. Sukuma chini ule waya wa kifuniko, mafuta kidogo yatamwagika. Kila upande supape mbili za nje ni za kutoa, mbili za katikati ni za kuingiza. Geuza puli ya injini mpaka alama yake ilingane na maungio ya nusu mbili za bodi ya injini, na rota ya delko, kile chombo kinachogawa moto kwa bugi, ielekee kwenye alama ndogo iliyo ukingoni mwa delko. Hapo silinda ya 1 iko tayari, nayo ni ya mbele kulia ukiwa umekaa garini. Vilibiteri vyake vyote viwili vinapaswa kuchezacheza kwa mkono. Ukimaliza, geuza puli nusu mzunguko kinyume cha saa unapata ya 2, nusu nyingine ya 3, nusu nyingine ya 4. Unamaliza upande wa kulia wote kabla ya kuhamia kushoto.

Na hapa ndipo nakusihi: usiguse skrubu yoyote ya kurekebisha kabla hujapima zote nane na kuziandika. Fundi wa zamani wa mtaa wa Kamalondo hapa Lubumbashi, kaka mkubwa niliyemwendea baada ya ile hasara, ana daftari la kila gari anayoitunza. Alinionyesha kwamba zile namba zinasema zaidi kuliko sikio. Nafasi inayopungua kila mara kwenye supape ileile ya kutoa maana yake supape inarefuka au kiti chake kinazama. Supape inayorefuka siku moja itakatika kichwa, kichwa kiangukie pistoni, na injini iishe. Nafasi inayoongezeka kila mara, kuna chuma kinalika mahali: skrubu, kilibiteri, au kamshafti, ile fimbo yenye kamu (nundu) zinazofungua supape.

Kuna na hali ya tatu, ndiyo iliyonipata mwaka uliofuata. Kipimo kinasema 0.15 barabara, kelele iko palepale. Ncha ya skrubu inayogonga mkia wa supape ilikuwa imechimbika kashimo katikati. Kibapa cha kupimia ni bapa, kinapita juu ya kingo za shimo, na mkia wa supape wenyewe unaingia ndani ya shimo. Nafasi ya kweli ilikuwa kubwa kuliko tuliyoisoma. Nilibadilisha skrubu zote nane, na kelele ikaisha siku hiyohiyo. Kwa hiyo legeza nati ya spana 13, toa skrubu, itazame juani. Ukiwa hapo fungua zile nati mbili za shafti ya vilibiteri, pitisha ukucha upande wake unaotazama kilasi. Ukikwama kwenye mfereji, shafti imelika. Wakati wa kurudisha, nati hizo ni niutoni-mita 25, usizidishe, maana nyuma yake ni aluminiamu.

Kama yote hayo ni mazima, pima kila supape inashuka kiasi gani ikifunguka. Kamshafti ya injini hii ina kamu nne tu kwa supape nane, kila kamu inasukuma upande wa kulia na wa kushoto. Silinda 1 na 3 zinashirikiana, 2 na 4 vilevile. Supape moja ikifunguka kidogo, tazama mwenzake wa upande wa pili. Wote wawili wakiwa pungufu, kamu imelika. Mmoja tu akiwa pungufu, angalia fimbo yake au kisukumio chake, kile kilicho kati ya kamu na fimbo. Kamu na visukumio havitoki bila kupasua injini katikati, ndiyo maana nataka uwe na hakika kabla mtu hajaanza kufungua.

Kuhusu mafuta mazito: yatapunguza mlio siku chache, na ile nafasi inayobadilika hutaisikia. Badilisha mafuta ya kawaida, lita 2.5, na usafishe chujio la waya lililo chini, kwa sababu injini hii haina filta nyingine.

Kesho asubuhi, kabla ya kuiwasha, pima. Andika hapa namba nane, silinda kwa silinda, ya kuingiza na ya kutoa, na picha ya ncha za skrubu za upande wa kushoto. Ya silinda 3 ya kutoa ndiyo nitakayoitazama kwanza.