Likeni zinafanana ila DNA inazitenga, ufuate umbo au DNA?

Mkuu, usitupe kimoja. Kwanza hakikisha hiyo DNA ni ya kuvu, maana likeni ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja na jina la spishi linafuata kuvu, sasa kama praima zako (vipande vifupi vinavyochagua DNA ya kunakiliwa) zilinasa mwani basi umepima kiumbe kingine kabisa, tumia ITS, kipande cha DNA kinachotumika kutambua kuvu. Majibu yakibaki yaleyale rudi kwenye hadubini, kata kale kakikombe ka spora (chembe za uzazi za kuvu) upime spora zenyewe, halafu dondoshea likeni myeyusho wa potasi na wa klorini, kila mmoja peke yake, uone rangi inabadilikaje. Zile likeni za Cora si zilidhaniwa spishi moja, 2014 DNA ikatoa zaidi ya 100, na walipoziangalia upya tofauti za umbo zilikuwepo, ila watu walizipita tu.